Tafsiri ya Mtegemezi

Mashine ya kusomea kadi ililia mara moja, ikanyamaza. Karani wa mapokezi aliifuta kadi kwenye mkono wa koti lake jeupe, akaichomeka tena. Ikalia vilevile.

"Imekataa, Mama."

"Jaribu tena," mjane alisema. "Huwa inasumbua ikishika jasho."

"Siyo jasho. Hapa inasema mwenye kadi amefariki."

Mjane alijua kwamba mwenye kadi amefariki. Alikuwa amemzika wiki iliyopita. Lakini kuambiwa habari hiyo kupitia tundu la dirisha, na mtu anayetafuna ubani, mbele ya foleni ya watu wenye shida zao, kulimfanya ajisikie kama ndiyo kwanza anaipokea. Akashika ukingo wa dirisha.

Nyuma yake mjukuu wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, viatu amevipakata kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na haiingii. Alikuwa na miaka kumi na minne. Figo zake zilikuwa zimekufa muda mrefu, na tangu hapo damu yake ilisafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki, kwa kadi ya matibabu ambayo babu yake alipewa na Mfuko wa Pensheni. Ni babu aliyekuwa akimleta, akimsubiri na kumrudisha. Leo kiti kilisukumwa na baba yake mzazi, fundi rangi, mwana wa mjane, mtu ambaye wauguzi walikuwa wakimsikia tu kwa jina.

"Ngoja nielewe," fundi rangi alisema. "Aliyekufa ni mzee. Sasa anayeacha kutibiwa ni mtoto?"

"Kaka, sheria sijaitunga mimi."

Fundi rangi alicheka kidogo bila furaha. "Najua. Aliyeitunga tumemzika juzi."

Karani hakuelewa, na hakuuliza. Aliwaambia wakalipe taslimu dirisha la pili, au wawapishe wengine. Mjane alifungua mkoba. Bahasha za rambirambi zilikuwa bado humo, nyingine hata hazijafunguliwa, zimeandikwa pole kwa kalamu za rangi mbalimbali. Alizichana moja moja pale pale dirishani, huku mwanamke aliyekuwa nyuma yake akipumua kwa sauti ili ajue anachelewesha watu.

&nbsp;

Mfuko wa Pensheni ulimwandalia marehemu hafla ya kumbukumbu katika ukumbi wake wa mikutano. Picha yake ilikuzwa ikawekwa mbele, karibu na jukwaa. Amevaa ile suti ya kijivu iliyokuwa imeanza kung'aa viwikoni, lakini mpiga picha alikuwa ameviacha viwiko nje ya picha. Mjane alikalishwa mstari wa kwanza na mjukuu. Fundi rangi alisimama mlangoni. Alikuwa hajaonja pombe tangu siku ya msiba, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba aliifungia kwapani.

Mkurugenzi ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa ameajiriwa akiwa kijana asiyejua hata kufunga tai, na marehemu ndiye aliyemfundisha kazi.

"Wengi hapa mnamkumbuka kwa jina la Mzee Mafao," alisema, na ukumbi ukaguna kwa kukubali. "Zamani mtu akistaafu alikuwa anahamia kwenye ngazi za jengo hili. Anakuja na mto wa kukalia! Wengine walifia humo humo kwenye ngazi. Mzee huyu alikataa. Alipigana na mawaziri, alipigana na wahasibu, alipigana na sisi. Leo mtu akistaafu, mwezi unaofuata anapokea. Mnaona ni kitu cha kawaida. Hakikuwa cha kawaida."

Alisimulia jinsi marehemu alivyokwenda sokoni na mabango yake kuwashawishi wauza mboga na mafundi cherehani wajiwekee akiba, wakati wakubwa wote wakisema watu wale hawana haja na pensheni. Mama mmoja muuza nyanya alimuuliza pensheni ni mnyama gani. Akamjibu: "Ni wewe ulipokuwa kijana, unamtumia hela wewe uliyezeeka. Sasa mwambie huyo kijana asiwe mchoyo." Yule mama alijiandikisha siku ile ile, akawaburuta na wenzake.

Watu walicheka. Mjane alicheka pia. Alikumbuka jioni mume wake aliporudi kutoka sokoni na fungu la nyanya zilizopondeka ambazo aliona haya kuzikataa, akakaa jikoni bila kuvua viatu, akisema kwa mshangao kama mtoto: "Wanaelewa! Mke wangu, wanaelewa haraka kuliko wabunge!"

"Na jambo la mwisho," mkurugenzi aliendelea. "Mfuko huu ulikuwa unakauka kwa wategemezi hewa. Mstaafu mmoja alitusajilia wajukuu kumi na tisa. Wawili kati yao walikuwa wanamzidi umri!"

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko.

"Mzee akakaa na kalamu yake, akatuandikia tafsiri ya mtegemezi, yule anayeendelea na kadi mstaafu akishafariki. Mistari michache tu. Mwenzi wa ndoa. Mtoto wa kuzaa au wa kuasili. Na mjukuu, pale tu ambapo wazazi wake wote wawili wamefariki au hawajulikani walipo. Basi. Hela zikabaki kwa wenyewe. Mistari ile ndiyo iliyouokoa Mfuko huu, na ndiyo sababu tuna ukumbi wa kumkumbukia."

Wakapiga makofi. Mjane naye alipiga, viganja vikitangulia kabla akili haijafika. Ilipofika, mikono ilibaki hewani.

Mshereheshaji akamwita mjukuu aseme neno. Hakuna aliyemwambia mapema, na kipaza sauti ilibidi kishushwe hadi kwenye kiti chake.

"Babu alikuwa ananiita Mheshimiwa," alianza. "Nikiwa kwenye mashine alikuwa ananisomea rasimu zake, ili nisiangalie damu. Ikiwa sijaelewa nanyoosha kidole, nasema napinga. Anasema, 'Hoja ya Mheshimiwa imepokelewa,' halafu anakata sentensi yote anaiandika upya. Alisema kama mimi sielewi, hata mzee wa kijijini hataelewa." Akafikiri kidogo. "Alikuwa anaogopa sindano. Wakinichoma mimi, anayefumba macho ni yeye. Muuguzi alikuwa anamuuliza, mgonjwa ni nani hapa?"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache, na baadhi yao walitoa leso. Mlangoni, fundi rangi alikuwa akimtazama binti yake kama mtu anayesikia habari za nchi ambayo angeweza kuitembelea, lakini hakuitembelea.

&nbsp;

Baada ya soda na picha ya pamoja, mkurugenzi alimkaribisha mjane ofisini kwake. Alifunga mlango mwenyewe.

"Kadi ya mtoto," mjane alisema kabla hajaketi.

"Najua, Mama. Nimeambiwa."

"Wewe ndiye mkubwa hapa. Sahihi yako moja tu."

"Nikisaini, wakaguzi wataniuliza kwa kifungu gani. Na hao wakaguzi ni yeye aliyewafundisha." Mkurugenzi alivua miwani, akaonekana kijana tena. "Mama, Mzee hakuwahi kukwambia? Mwaka juzi alirudi kwenye kamati. Alishastaafu, akaomba dakika chache. Alitaka tukifungue kile kifungu, tuongeze mjukuu anayelelewa na mstaafu, hata kama mzazi wake mmoja yupo."

Mjane alitikisa kichwa. Hakuwahi kuambiwa.

"Mjumbe mmoja akamuuliza, 'Mzee wetu, hii ni hoja ya nchi au ni hoja ya nyumbani kwako?' Watu wakacheka. Siyo kwa ubaya. Nikaona masikio ya Mzee yanaiva. Akasema, 'Naiondoa.' Akakusanya karatasi zake akaenda."

"Na wewe?"

"Nilikuwepo."

"Nakuuliza, wewe ulisema nini?"

Mkurugenzi aliirudisha miwani usoni. "Nilicheka na wenzangu, Mama."

Nje mtu alikuwa akikusanya chupa tupu za soda, zikigongana kwenye kreti. Mjane alikumbuka siku ambayo mume wake alirudi nyumbani akasema ana kichwa, akalala mchana na suti. Naye mjane alimpa dawa ya kichwa.

"Baba wa mtoto yupo?" mkurugenzi aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Umemwona mlangoni."

"Mimi sikumwona mtu mlangoni." Alisema hivyo akitazama dirishani. "Kifungu kinasema wamefariki, au hawajulikani walipo. Mama yake alishafariki. Kama mahakama ikithibitisha kwamba baba naye hajulikani alipo, basi faili likija hapa mimi sina cha kuuliza. Lakini mtu asiyejulikana alipo haonekani hospitali. Haonekani nyumbani. Jirani hamwoni." Akasimama, akamfungulia mlango. "Na mimi sijasema kitu."

&nbsp;

Mjane hakumwambia mwanawe siku ile, wala wiki ile. Walijaribu njia nyingine. Gari la marehemu liliuzwa kwa mtu aliyelipiga teke kila gurudumu ili kulishusha bei. Makochi yakafuata. Fundi rangi alihamia sebuleni, akalala sakafuni palipokuwa na makochi, na kila kazi aliyoipata, ya ukuta au ya geti, aliileta hela nzima mezani, hajaikata hata nauli. Alijifunza kumnyanyua binti yake bila kumuumiza. Alijifunza ni maji kiasi gani anaruhusiwa kunywa kwa siku, akawa anampimia kwenye kikombe kimoja na kujinyima yeye pia, ili mtoto asione kiu peke yake. Jioni moja mjane aliwakuta wanabishana kuhusu rangi ya kupaka chumbani. Mtoto alikuwa amenyoosha kidole juu.

"Napinga."

"Unapinga nini sasa? Kijani kinapumzisha macho."

"Kijani ni rangi ya wodi!"

"Haya, haya. Eti nini babu yako alikuwa anasema?"

"Hoja imepokelewa."

"Basi imepokelewa. Nitakupakia njano."

Mjane alirudi jikoni akafungua bomba ili wasimsikie akilia. Miaka yote mume wake aliitamani sauti hiyo ndani ya nyumba hii, ya mwana wao akiongea na mtoto wake bila kulewa, akafa hajaisikia.

Hela zilipokwisha, mashine ikawa mara moja kwa wiki. Mtoto akaanza kuvimba usoni. Kisha akashindwa kulala chali. Akilala, alisema, anahisi kama mtu amemkalia kifuani. Alikaa ameegemea mito, akipumua kama aliyetoka kukimbia. Daktari alimvuta mjane pembeni, akamwambia kwamba kwa mwendo huu moyo hautavumilia.

Ndipo mjane alipomwita mwanawe jikoni, akamweleza maneno ya mkurugenzi, yote, bila kuyapamba.

Fundi rangi alisikiliza akiwa amesimama, akijibandua rangi iliyokauka kwenye ukucha.

"Kwa hiyo shida ni mimi kuwa hai," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Siyo mimi, ni sheria inasema. Ningekuwa kaburini pamoja na mama yake, mtoto angetibiwa." Akavuta kigoda, akaketi. "Baba alinifuata kule nilikopanga. Unakumbuka? Na makaratasi ya kumwasili mtoto. Alinibembeleza, Mama. Yule mzee ambaye hakuwahi kumbembeleza hata waziri. Nikamwambia, umeninyima heshima maisha yangu yote, sasa unataka na mtoto? Simuuzi mwanangu! Nikamfukuza mbele ya majirani."

"Ulikuwa umelewa."

"Nilikuwa nimelewa. Lakini hata ningekuwa mzima nisingesaini. Sikuwa na kitu kingine duniani, Mama. Sina nyumba, sina mke, kazi ni ya kubahatisha. Nilikuwa na hicho tu, kwamba mahali fulani pameandikwa mimi ni baba wa mtu."

"Saini sasa. Twende mahakamani tukasaini."

"Nisaini amwasili nani? Maiti?" Sauti ilimpanda, akalitazama pazia lililowatenga na mtoto, akaishusha. "Kadi ni ya Baba. Wewe ukimwasili, wewe siyo mstaafu wao, wewe ni mjane tu. Nimeshauliza. Unadhani sijauliza?"

Kwa hiyo alikuwa ameshajua. Mjane alimtazama mwanawe, mashavu yaliyobonyea, nywele zilizoanza mvi kabla ya wakati wake, akaona kwamba alikuwa ameshakwenda Mfukoni peke yake, akapanga foleni, akaelezwa hayo hayo, akarudi kupaka ukuta wa njano.

"Nenda kaape," fundi rangi alisema. "Sema nilimtelekeza. Siyo uongo sana."

"Ni uongo mtupu. Upo hapa."

"Mama. Nenda."

&nbsp;

Mahakama ilikuwa jengo la chini lenye korido ndefu, na benchi lililowekwa nje, ukutani, kwa wanaosubiri. Fundi rangi alimsindikiza mama yake akiwa amevaa kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Alimnunulia maji. Mjane alipoitwa, alimwachia mwavuli wake amshikie.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, aliyekuwa akijipangusa pua kila baada ya swali. Hakuwa mkali. Pengine angekuwa mkali ingekuwa rahisi.

"Mwanao ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Mwaka juzi," mjane alisema.

"Hajapiga simu tangu hapo?"

"Hajapiga."

"Hata babake alipofariki hakuja?"

Mjane alimwona mwanawe ndani ya kaburi, amepiga magoti kwenye udongo, akilipokea jeneza kwa mikono miwili na kukataa kupokewa.

"Hakuja."

Hakimu aliacha kuandika. "Pole sana, Mama. Kuna watoto wana roho ngumu. Alikuwa na tatizo gani?"

"Pombe."

"Na mtoto wake? Aliwahi kumhudumia?"

Karani alikuwa akisubiri jibu, kalamu imeinuliwa. Mjane alitaka kusema kwamba anampimia maji kwenye kikombe.

"Hakuwahi," alisema. "Hata siku moja."

Aliapishwa, wakagonga mihuri, akaweka sahihi mahali alipoonyeshwa. Hakimu alimtakia heri. Mjane alitoka akiwa na maneno tayari mdomoni, alitaka kumwambia mwanawe nisamehe, tuondoke haraka hapa. Mwavuli ulikuwa umeegemezwa ukutani. Benchi lilikuwa tupu.

Alidhani amekwenda msalani. Akakaa kumsubiri. Watu waliingia na kutoka; mlinzi alimuuliza mara mbili kama anahitaji msaada. Alipompigia, simu ya mwanawe iliita ndani ya mkoba wake yeye mjane. Fundi rangi alikuwa ameichomeka humo, imefungwa kwenye kitambaa chake cha kazi chenye madoa ya njano.

Nyumbani godoro lake lilikuwa limekunjwa na brashi hazikuwepo. Mtoto alikuwa amelala kwa kuketi, mdomo wazi. Hakuwa amesikia mtu akiaga.

Mjane alimtafuta. Alikwenda walikokuwa wakikaa mafundi rangi wakisubiri kazi, akauliza kwa sauti ya chini, akiogopa kuulizwa. Alikwenda kwenye vilabu alivyovijua kwa aibu ya zamani. Hakwenda polisi, angewaambia nini? Mtu huyo alikuwa ameshatoweka rasmi, kwa kiapo cha mama yake mwenyewe.

&nbsp;

Kadi mpya ilikubali. Mashine haikulia. Mtoto alirudi kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, uvimbe ukashuka, viatu vikaingia. Wiki ya kwanza aliuliza kila siku baba yuko wapi, na bibi yake akajibu kwamba hajui. Wiki ya pili aliuliza, "Mmegombana?" Baada ya hapo hakuuliza. Alikuwa amekulia kwenye sheria na rasimu. Kadi ilipokubali alijua kuna mahali imeandikwa sababu. Alilala akitazama ukuta wa njano, nusu umepakwa, nusu bado.

Muuguzi mgeni, aliyehamishiwa wodi ile mwezi huo, alikuja na jalada lake wakati mashine ikiwa katikati ya kazi. Mjane alikuwa amekaa kwenye kiti cha babu, ameshika mkono wa mjukuu ule usio na mirija.

"Naweka kumbukumbu sawa, Bibi. Wewe ndiye mlezi?"

"Ndiyo."

"Baba na mama?"

"Mama alifariki. Baba hajulikani alipo."

Muuguzi aliandika bila kuinua macho. "Tukikupigia wewe tusikupate, nani mwingine tumpigie? Ndugu yeyote."

Mjane alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia muuguzi, hadi huyu akainua macho.

"Hakuna," alisema.

Mtoto aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa bibi yake, akauingiza chini ya shuka, akageuza uso upande wa mashine, kule damu ilikokuwa ikizunguka.